Damu Iliyosubiri Kwenye Friza

Mwaka 1843 daktari John Lever wa hospitali ya Guy's, London, aliripoti kuwa wajawazito waliopatwa na kifafa cha mimba walikuwa na protini kwenye mkojo. Enzi hizo mkojo ulipashwa moto kwenye kijiko, juu ya mshumaa. Ukiganda kama ute wa yai, protini ipo. Kipimo cha presha kilikuja baadaye. Lakini mkojo na presha huonyesha tatizo likiwa limeshaanza, na madaktari walitaka kulijua mapema.

Jibu lilitokana na utafiti ulioshindwa. Kati ya 1992 na 1995, wanawake 4,589 wa mimba ya kwanza nchini Marekani walipewa madini ya kalisi au vidonge visivyo na dawa, ionekane kama kalisi huzuia priklampsia, yaani presha kupanda na protini kuwepo kwenye mkojo, hali inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Matokeo ya 1997: haizuii. Ila damu zao zilikuwa zimehifadhiwa kwenye friza.

Huko Boston, bingwa wa figo Ananth Karumanchi na wenzake waligundua kuwa kondo la nyuma la wagonjwa wa priklampsia huzalisha kupita kiasi protini iitwayo sFlt-1. Mishipa ya damu ya mama hutunzwa na protini nyingine, ikiwemo PlGF. sFlt-1 huzinasa kabla hazijafanya kazi. Mwaka 2003 waliwafanya panya wazalishe sFlt-1 kwa wingi: presha ikapanda, figo zikavujisha protini. Hata panya wasio na mimba waliugua, na kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote. Kondo ni chanzo, lakini madhara huletwa na kile linachomwaga kwenye damu.

Ndipo zile sampuli zikayeyushwa. Mwaka 2004 Richard Levine, Karumanchi na wenzao walionyesha kuwa sFlt-1 hupanda wiki 5 hivi kabla ya dalili, na PlGF huwa chini mapema zaidi.

Leo maabara hugawanya ya kwanza kwa ya pili. Utafiti wa 2016 kwa wajawazito walioshukiwa kuwa na priklampsia uliweka mpaka kwenye 38. Asiyeuvuka anaweza kurudi nyumbani: uhakika wa kutougua wiki hiyo ni asilimia 99.3. Aliyeuvuka hajahukumiwa, kwani ni zaidi kidogo ya theluthi tu waliougua ndani ya wiki 4. Marekani yenyewe iliidhinisha kipimo cha aina hii Mei 2023, kwa waliolazwa hospitalini.