Mhunzi Mmoja Kila Kijiji: Chimbuko la Jina Smith

Ripoti ya Msajili Mkuu wa vizazi na vifo ya mwaka 1853 ilikadiria kwamba Uingereza na Wales zilikuwa na watu 253,600 walioitwa Smith. Akina Jones walifuata, wakiwa 242,100. Wingi wa akina Jones hauhitaji maelezo marefu: jina lao limetoka kwa John, jina la ubatizo lililopendwa mno, na huko Wales desturi ya kumtambulisha mtu kwa jina la baba yake ilidumu kwa karne nyingi. Smith ni habari nyingine. Hilo ni jina la kazi, kazi ya uhunzi, na Uingereza ya zama za kati ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji wa kondoo. Kama majina ya kazi yangefuata wingi wa watu walioifanya, orodha ingeongozwa na jina la mkulima, naye mhunzi angekuwa mbali nyuma. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba chuma kilihitajika kila mahali, hivyo wahunzi walikuwa wengi kupita kiasi. Jibu hilo haliniridhishi. Naona jina Smith lilienea kwa sababu iliyo kinyume chake: pale kijijini, mhunzi alikuwa mmoja.

Tuanze na namna jina la ukoo lilivyozaliwa. Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mtu wa kawaida alitosheka na jina moja. Baada ya hapo majina ya zamani ya Kiingereza yalififia, na kufikia karne ya 14 sehemu kubwa ya wanaume waligawana majina machache tu: John, William, Robert, Richard, Thomas. Kijiji chenye kina John saba kililazimika kuwatofautisha. Hawakujichagulia majina hayo ya pili. Walipewa na majirani, kisha makarani wa mahakama za makabaila na watoza kodi wakayaandika. Kazi ya jina kama hilo ilikuwa moja tu, kumtenga mtu na wenzake. Kumwita mtu mkulima mahali ambapo kila mtu analima ni sawa na kutomwita kabisa. Ndiyo maana jina Farmer ni la wachache, na hata hao wachache hawakulipata kwa jembe, kwa kuwa zamani hizo neno lile lilimhusu aliyekodi ardhi au haki ya kukusanya mapato. Mhunzi hakuwa na mwenzake. Kila mwenye plau alimhitaji, kila mwenye mundu, kila mwenye farasi wa kuvikwa viatu, lakini fuawe moja na mivukuto yake vilitosha kuwahudumia wote. Kijiji cha jirani nacho kilikuwa na wake. Daftari kubwa la mwaka 1086 liitwalo Domesday linataja makazi zaidi ya 13,000, na hapo sehemu za kaskazini hazikuingizwa. Hata tukisema ni sehemu tu ya makazi hayo iliyokuwa na mhunzi wake, bado tunapata maelfu ya watu waliopewa jina lile lile, kila mmoja mahali pake, bila kujuana.

Kati ya karne ya 12 na ya 14 majina haya yaliacha kuwa ya mtu binafsi yakawa ya kurithiwa. Orodha za kodi ya kichwa za mwaka 1379, hasa zile za Yorkshire, zinatuonyesha mabadiliko hayo yakiendelea, maana mara kwa mara zinaandika jina na kazi kwa pamoja. Yumo Smith ambaye kweli ni mhunzi, na yumo Smith anayefanya kazi nyingine, ambaye jina limebaki kwake baada ya nyundo kuondoka mikononi mwa familia.

Pingamizi zito ni hili: kama siri ni kazi ya mtu mmoja kijijini, mbona padri na msagaji hawakuacha majina yaliyoenea vivyo hivyo? Kuhusu padri jibu ni jepesi. Kanisa lilimkataza kuoa, kwa hiyo hakuwa na mrithi halali wa kumwachia jina. Makarani wa daraja za chini waliruhusiwa kuoa, na jina lao, Clark, ni miongoni mwa yaliyoenea sana. Msagaji ana kisa kirefu zaidi. Alikuwa wa lazima kama mhunzi, ila hakuitwa kwa neno moja nchi nzima. Kaskazini alikuwa Milner, magharibi Millward, kwingineko Miller. Waliokanyaga na kupiga nguo za sufu majini mpaka zishikamane waligawanyika vilevile: kusini mashariki waliitwa Fuller, kusini magharibi Tucker, kaskazini na maeneo ya kati Walker. Seremala naye alivutwa huku na huku na lugha mbili, akawa Carpenter kwa asili ya Kifaransa na Wright kwa asili ya Kiingereza. Kazi moja ikitawanyika katika majina matatu au manne, hakuna hata moja kati yake linaloweza kuongoza orodha. Mhunzi aliitwa Smith toka pwani ya kusini hadi Uskoti. Karani aliweza kumwandika Faber kwa Kilatini, lakini nje ya daftari mtu yule yule aliendelea kuwa Smith. Majina kama Arrowsmith, la mfua vichwa vya mishale, na Sixsmith, la mfua mundu, hayaivunji hoja hii, yanaitia nguvu. Palipokuwa na wafua vyuma wengi jina tupu halikutenga tena, ndipo ikabidi kuongeza kile mtu alichokifua.

Msomaji aliyezoea koo anaweza kudhani kwamba jina moja ni damu moja. Upareni, kwa mfano, uhunzi ulikuwa wa ukoo wa Washana, na anayeitwa Mshana anaunganishwa na ukoo huo. Kwa Smith haikuwa hivyo, na sasa sayansi imelithibitisha jambo ambalo hati zililidokeza tu. Mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford alichunguza kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, za wanaume wenye jina kama lake. Karibu nusu yao walionyesha dalili za babu mmoja. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester waliendeleza uchunguzi wa aina hiyo kwa majina mengi, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wenye majina adimu mara nyingi wana asili moja, ilhali kina Smith hawakaribiani kwa damu kuliko wanaume waliochukuliwa bila mpango. Waanzilishi walikuwa wengi mno. Wingi huo pia ulilikinga jina lisipotee. Mwaka 1874 Francis Galton na Henry William Watson walionyesha kwa hesabu jinsi jina lililo katika mstari mmoja wa wanaume linavyoweza kukatika baada ya vizazi kadhaa, pale tu wanaume wanapokosa watoto wa kiume. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 ilikata mistari mingi ya namna hiyo. Mhunzi mmoja akifa bila mwana, Smith wengine walikuwapo ng'ambo ya kila mto.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo linatoka Marekani, ambako sensa ya mwaka 2010 ilihesabu kina Smith 2,442,977. Wengi wao, mtu atasema, si wazao wa wahunzi wa Kiingereza, bali wa watu waliobadili jina. Ni kweli. Wapo Wajerumani walioacha Schmidt wakachukua Smith, na hata huko Ireland kabla ya kuvuka bahari, familia nyingi za Mac Gabhann za jimbo la Cavan, wana wa mhunzi kwa lugha yao, ziligeuzwa kuwa Smith chini ya utawala wa Waingereza. Lakini takwimu za mwaka 1853 ni za Uingereza na Wales, na huko jina lilikuwa limeshaongoza bila msaada wa Marekani. Ninachokubali ni kwamba hesabu ya Marekani ina historia yake, na sehemu yake moja ni chungu. Takribani asilimia 23 ya kina Smith wa sensa ile ni Wamarekani weusi. Baadhi ya wahenga wao walibaki na jina la mwenye shamba aliyewamiliki, wengine walijichagulia jina walipopata uhuru mwaka 1865. Kwa familia kama hizo orodha za kodi za Yorkshire hazisaidii kitu. Anayetafuta asili yake huanzia kwenye madaftari ya mashamba ya pamba, ambamo watumwa mara nyingi waliandikwa kwa jina la kwanza tu, na kwenye kumbukumbu za idara ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru, ambako jina Smith linaonekana likiandikwa pembeni ya majina yao.