Tasa ni Viini, Si Maji

Mbuna ni neno letu lililosafiri. Limetoka kwa Watonga wa Ziwa Nyasa, na leo wafugaji wa samaki wa mapambo, kuanzia Ujerumani hadi Marekani, wanalitamka vivyo hivyo kwa samaki wa rangi kali waishio katika mawe, kama yale ya Matema wilayani Kyela. Kifaa chenye taa kinachosafisha maji yao sebuleni, iwe Mbeya au Iringa, nacho kinastahili jina lililopimwa. Kwa sasa tunasema "yuvii", yaani UV, herufi mbili zisizotuambia kitu.

Kwa mwanga wa taa hiyo, kamusi hutupa urujuanimno. Urujuani ni mkopo wa Kiarabu, rangi ambayo wengi wetu tunaipa jina la tunda, zambarau. Kinachonisumbua ni hilo mno. Mno huzidisha: kitamu mno ni kitamu zaidi. Mwanga huu haukuzidi urujuani, umeuvuka na kuingia pasipoonekana. Ningependa "ng'ambo ya urujuani", lakini neno la kamusi ni fupi na limeanza kukaa. Libaki, mradi tukilifundisha tuseme kwamba mno hapa ni kuvuka.

Wapo wanaosema "taa ya buluu", na hilo nalikataa kabisa. Linataja kinachoonekana, ilhali kinachofanya kazi ni mwanga wa nanomita 254 usioonekana. Buluu ni ziada tu ya mvuke wa zebaki uliomo ndani ya taa. Isitoshe, jina hilo humwalika mtu akodoe macho, na mwanga huu huunguza macho.

Sasa kitenzi. "Takasa" ni zuri, lina harufu ya ibada, lakini linaahidi mengi mno: maji yaliyopita kwenye taa bado yana kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. "Kiuaviini" kinafuata kanuni ambayo mkulima wa nyanya wa Ilula anaijua kutoka dukani, kiuadudu na kiuagugu. Ningelichagua hilo, kama si jambo moja: aghalabu taa haiui papo hapo. Inaharibu vinasaba vilivyo ndani ya seli, na kiini cha ugonjwa kinabaki hakiwezi kuzaa.

Hapo ndipo "tasa" linapopata haki yake. Ni neno zito, limewaliza wanawake wengi, na silitumii kwa wepesi. Kosa letu limekuwa kulibandika kwenye maji. Tangi tasa ni tangi la hatari, kwa sababu bakteria wema waliojishikiza kwenye kichujio ndio wanaoiondoa sumu ya amonia. Tasa ni viini vilivyopita mbele ya taa, basi. Napendekeza "kitasishi cha viini", na neno viini lisidondoshwe kamwe.

Mwani nao tuugawe. Taa huondoa ule unaoelea na kuyafanya maji kuwa kijani, lakini haigusi ule ulioshika mawe, ambao mbuna huuparura kutwa. Wa mawe tuuite ukoga, kama ule wa menoni. Ule wa kuelea ubaki na jina la mwani. Mfugaji atakayelalamika kwamba taa haikuondoa ukoga atajibiwa na jina lenyewe.

Limebaki neno la kuchakaa. Taa ya kawaida "huungua", ikazimika, yakaisha. Hii hupoteza nguvu yake polepole, na baada ya takriban mwaka wa kuwaka mfululizo haifai, ingawa buluu ingalipo. Watu wa nyanda za juu tunalo neno tayari: makali, kama makali ya jua. Adhuhuri ya Juni pale Iringa, upepo ni wa baridi na jua linachoma, kwa kuwa kadiri tunavyopanda juu ndivyo urujuanimno unavyoongezeka. Mwanga ni jambo moja, makali ni jingine. Wauzaji waandike kwenye boksi: badilisha taa makali yakiisha, usisubiri izimike.