Murujuga na Karratha: Ardhi Iliyokuwa na Wenyewe

Mji wa Karratha, kaskazini-magharibi mwa Australia, ulianzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya biashara ya madini ya chuma, na baadaye gesi asilia ikaukuza. Lakini haukujengwa kwenye nyika tupu. Hii ni ardhi ya Wangarluma, na katika rasi jirani ya Murujuga kuna michoro inayokadiriwa kufikia milioni moja, iliyochongwa miambani kwa maelfu mengi ya miaka. Mingine inaonyesha thylacine, mnyama aliyekwisha kutoweka Australia bara zamani sana. Wenyeji wa rasi, Wayaburara, waliuawa kwa wingi mwaka 1868, ndiyo maana ukimya wao kuhusu viwanda usidhaniwe kuwa ridhaa.

Wapo wanaosema viwanda vimeleta ajira, na kwamba mawe yanaweza kuhamishwa. Ajira ni kweli. Ila mapema miaka ya 1980 mawe mengi yalihamishwa kupisha mtambo wa gesi, yakafungiwa ndani ya uzio, na mchoro uliong'olewa mahali pake hauonyeshi tena ulielekea bahari, maji au njia ipi. UNESCO iliitambua Murujuga kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2025. Mgeni, tafadhali usiguse wala kukanyaga miamba.