Makarani Waliotuandikia

Shaaban Robert aliajiriwa forodhani mwaka 1926, hajatimiza miaka 18, akaitumikia idara hiyo hadi 1944. Baadaye alikuwa ofisi ya wilaya, Tanga, na tangu 1952 ofisi ya upimaji ardhi mpaka alipostaafu mwaka 1960. Juni 1962 akafariki. Maana yake ni kwamba huyu tunayemwita gwiji wa fasihi yetu hakupata hata miaka mitatu ya kuwa mwandishi asiye na bosi.

Na hakuandika aina moja. Ametuachia mashairi, insha, riwaya, wasifu wa Siti binti Saad, maisha yake mwenyewe, utenzi mrefu wa vita kuu ya pili, na tafsiri ya Omar Khayyam. Mtu hujiuliza alikuwa akilala saa ngapi.

Ni rahisi kusema kwamba ukarani ulimwibia muda. Sikatai, ila naona pia ulimfunza. Chukua Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Mtumishi wa serikali ya kikoloni angemtaja vipi gavana na kesho yake arudi mezani kwake? Akaijenga nchi inayoelea angani, akampandisha kizimbani kijana Karama kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria, kisha akamwachia asimulie habari za wajumbe sita. Kila mjumbe alitumwa na nchi yake, akarudi na mawazo ya kuifaa, akaambulia adhabu. Aliyewahi kufanya kazi serikalini hahitaji mhakiki wa kumfafanulia: taarifa inaagizwa, inaletwa, anayeileta ndiye anayekiona cha mtema kuni.

Hakuwa peke yake. Huko Ugogoni, Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, aliandika huku akiwa mtumishi wa serikali na baadaye mtu wa sheria. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, na ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu baada ya Azimio la Arusha. Sheikh Kaluta Amri Abedi naye aliandika sheria za kutunga mashairi, akawa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri.

Anayenifurahisha zaidi ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti mwaka 1948, alikuwa bwana afya, mtu ambaye kazi yake ni kuingia nyumba za watu na kuchungulia pembe ambazo wenyewe wangependa zisichunguliwe. Wengi humtafuta Sherlock Holmes ndani ya Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi zake, na wana haki. Mimi humwona humo bwana afya pia. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya kwanza ya Bwana Msa, ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960.

Kwa Shaaban Robert kuna maandishi mengine ambayo wasomaji wengi huyaruka: barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizotolewa kitabu mwaka 2002. Hizo hakumwandikia mchapishaji wala jaji wa mashindano. Hata hivyo sentensi zake zimepigwa randa ileile iliyopigwa insha zake, na zilitoka kwa mtu aliyeshinda ofisini kutwa nzima akiandika mambo ya serikali.