Mpako Fukuzamaji

Mpako fukuzamaji ni tabaka jembamba linalowekwa juu ya metali ili maji yasiweze kutandaa juu yake. Tone likianguka hujikunja likawa duara, kisha hubingirika na kuondoka. Istilahi hii isichanganywe na “kisichopitisha maji”. Rangi ya mafuta kwenye geti haipitishi maji, lakini mvua hutandaa juu yake na kubaki hapo mpaka jua litoke. Neno la kwanza hutaja namna uso unavyolipokea tone, la pili hutaja kizuizi.

Tabia hiyo hupimwa kwa pembe ya mgusano, yaani pembe iliyopo kati ya uso na ukingo wa tone, ikipimwa upande wa maji. Msingi wake uliwekwa na Thomas Young mwaka 1805. Pembe ikizidi digrii 90, uso ni fukuzamaji. Ikizidi 150, na tone likabingirika uso unapoinamishwa kwa chini ya digrii 10, uso huitwa fukuzamaji wa kupindukia.

Kemia peke yake haifiki huko. Hata uso laini uliofunikwa kwa misombo ya florini huishia karibu na digrii 120. Kinachobaki ni umbo. Jani la gimbi, ambalo Wakenya huliita nduma, lina vinundu vidogo mno vilivyopakwa nta; kati yake hunaswa hewa, na tone huketi juu ya ncha tu. Hali hii ya tone kubebwa na hewa ilielezwa na Cassie na Baxter mwaka 1944. Kwenye alumini huigwa kwa kuuchimba uso kwa asidi, kisha kuupaka asidi ya stiariki. Hewa iliyonaswa hupunguza eneo linaloguswa na maji ya chumvi, hivyo ioni za kloridi, ambazo hutoboa ngozi ya oksidi inayoilinda alumini, hazipati njia rahisi.

Ugumu wote umo katika kuufanya uso wa namna hii udumu. Vinundu vyenye upana wa maikromita chache huvunjwa na mchanga, au hata na kitambaa cha kufutia. Metali ikizamishwa, shinikizo husukuma maji mashimoni, na hewa yenyewe huyeyuka majini polepole. Hapo vinundu vilivyokuwa msaada hugeuka kuwa mzigo: eneo la mgusano huongezeka, kama Wenzel alivyoonyesha mwaka 1936, na tone hung’ang’ania. Umande nao huweza kuanzia ndani ya mashimo, chini ya kinga yenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa China na Finland walitoa jibu zuri zaidi kuliko kutafuta gundi kali: fremu ngumu za ukubwa wa maikromita hupokea msuguano, huku chembe laini za kufukuza maji zikikaa salama ndani ya vishimo vyake.

Hata hivyo, mpako huu hauchukui nafasi ya zinki. Bati la chuma lililopakwa zinki likikwaruzwa, zinki huliwa kwanza na chuma husalia. Mpako fukuzamaji ukikwaruzwa hadi kwenye metali, sehemu iliyo wazi haina mtetezi. Ndiyo maana mahali pake panapofaa ni juu ya kinga nyingine.