Siku kumi India: Namna ya kupanga safari ya kwanza isiishie njiani

Mtu anayejiandaa kwenda India kwa mara ya kwanza huanza na orodha. Taj Mahal lazima iwepo. Mumbai ipo kwa sababu ya sinema, Goa kwa sababu ya ufukwe, Varanasi kwa sababu ya mto Ganges, na Kerala kwa sababu kuna mtu aliweka picha za boti mtandaoni. Baada ya hapo anaangalia likizo aliyopewa kazini: siku kumi.

Hapo ndipo safari nyingi huharibika, hata kabla tiketi haijakatwa. Kwenye ramani ya simu India yote inatosha kiganjani. Ukishatua ni habari nyingine kabisa.

Nchi moja, mambo mengi

India ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 3.3. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya Tanzania na zaidi ya mara tano ya Kenya. Ina majimbo 28, maeneo 8 yaliyo chini ya serikali kuu, na watu zaidi ya bilioni 1.4. Katiba yake imeorodhesha lugha 22. Kihindi kinachosikika Delhi hakimfikishi mtu mbali akiwa Chennai, ambako watu huzungumza Kitamil, na hata maandishi kwenye mabango yanabadilika. Kiingereza ndicho humsaidia mgeni kwenye hoteli, viwanja vya ndege na miji mikubwa.

Umbali nao si mchezo. Delhi hadi Mumbai ni kama kilomita 1,400, na treni ya haraka hutumia takriban saa 16. Delhi hadi Chennai ni zaidi ya kilomita 2,000, safari ya treni inayozidi siku nzima.

Hesabu ya siku

Siku kumi za likizo si siku kumi za kutembea. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi au Dar es Salaam hadi Mumbai huruka takriban saa sita, lakini wengi hupita Addis Ababa, Doha au Dubai na hufika wamechoka. Siku ya kwanza na ya mwisho zihesabiwe zimekwenda. Zinabaki nane.

Kila kuhama mji kunakula angalau nusu siku. Ndege ya Delhi kwenda Mumbai iko angani kama saa mbili tu, lakini kuna kufunga mizigo, foleni ya barabarani, ukaguzi, kusubiri, na kutafuta hoteli upande wa pili. Anayetaka miji sita atahama mara tano. Siku mbili na nusu zinapotea, na hapo hakuna kilichochelewa. Kinachobaki hakifiki siku moja kwa kila mji.

Ndiyo maana kanuni nyepesi kwa safari ya siku kumi ni vitanda vitatu: kulala sehemu tatu, basi. Siku moja iachwe wazi kwa ajili ya tumbo kuchafuka, treni kuchelewa au uchovu. Isipohitajika, itatumika kurudi mahali palipopendeza.

Chagua kona moja

Swali la kwanza liwe "nakwenda kufanya nini?" Jibu lake ndilo linaloonyesha kona ya kwenda. Hizi tatu zinatosha kwa mgeni.

Kaskazini: Delhi, Agra na Jaipur. Hii ndiyo njia inayotumiwa zaidi na wageni, kwa sababu miji mitatu inafanya pembetatu. Delhi hadi Agra ni kama kilomita 230, Agra hadi Jaipur kama 240, na Jaipur kurudi Delhi kama 280. Delhi kuna Msikiti wa Jama, Qutb Minar wenye urefu wa takriban mita 73, na kaburi la Humayun. Agra kuna Taj Mahal, ambayo mfalme Shah Jahan alianza kuijenga mwaka 1632 kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal. Jaipur kuna ngome ya Amber na jengo la Hawa Mahal la mwaka 1799. Jambo la kukumbuka: Taj Mahal hufungwa siku ya Ijumaa, na Ngome Nyekundu ya Delhi hufungwa Jumatatu. Kuna watu waliofika Agra Ijumaa wakaishia kuiona Taj kwa mbali, ng'ambo ya mto.

Magharibi: Mumbai na Gujarat. Hii inamfaa mfanyabiashara, na pia anayetaka kujua familia nyingi za Kihindi za Zanzibar, Mombasa na Kampala zilitoka wapi. Wengi asili yao ni Gujarat na Kutch. Treni za haraka kati ya Mumbai na Ahmedabad hutumia takriban saa sita. Mji wa kale wa Ahmedabad uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017. Humo umo msikiti wa Sidi Saiyyed wa karne ya 16, maarufu kwa madirisha ya mawe yaliyochongwa kama matawi ya mti. Jina Sidi hutumika kwa Wahindi wenye asili ya Afrika, na jamii yao ingalipo Gujarat mpaka leo. Gujarat pombe imepigwa marufuku, hivyo hata mgeni anahitaji kibali.

Kusini: Kerala. Hii ni kwa mtu anayetaka kupumzika. Kochi ni mji wa bandari wenye historia ya viungo. Alappuzha kuna boti zinazopita kwenye mifereji kati ya minazi, na Munnar ni mlimani kwenye mashamba ya chai. Mtu wa pwani hatapata shida ya chakula: wali, samaki na nazi vipo kila mahali.

Anayekwenda kumuuguza ndugu Chennai, Hyderabad au Delhi naye asilazimishe safari ya mbali. Siku mbili za kuuona mji alipo zinamtosha.

Njia nyingine ya kuokoa siku ni kukata tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, kwa mfano kufikia Mumbai na kuondokea Ahmedabad. Hivyo msafiri harudi nyuma kufuata ndege.

Msimu

Kwa sehemu kubwa ya India, miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi. Aprili hadi Juni kaskazini ni joto kali, na Delhi hupita nyuzi 40. Mvua za monsuni huanza Kerala karibu na Juni mosi, husambaa nchini na kuendelea hadi Septemba.

Miezi mizuri nayo ina kasoro zake. Novemba hewa ya Delhi huwa chafu sana, na mwenye pumu asiende bila dawa zake. Mwishoni mwa Desemba na Januari ukungu huchelewesha ndege na treni za kaskazini. Wakati wa Diwali, Oktoba au Novemba, nchi nzima iko safarini na viti hujaa mapema.

Makaratasi yasiyosameheka

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayoweza kuua safari nzima. India hudai cheti kwa wanaotoka au kupitia nchi zilizo kwenye orodha yake ya ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda, Burundi na Congo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na cheti hudumu maisha yote. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kwenye likizo ya siku kumi, hapo safari imekwisha. Hata anayetoka nchi isiyo kwenye orodha akague ndege yake inapita wapi.

Viza huombwa mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India. Kuna tovuti nyingi zinazofanana nayo ambazo huongeza malipo, kwa hiyo anwani isomwe vizuri kabla ya kulipa. Pasipoti iwe na miezi sita au zaidi mbele yake na kurasa mbili tupu. Aina ya viza ilingane na safari: ya utalii, ya biashara na ya matibabu ni vitu tofauti, na anayemsindikiza mgonjwa ana viza yake.

Hoteli nazo hutakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka kuhusu kila mgeni wa nje. Baadhi ya gesti ndogo hukwepa kazi hiyo kwa kutopokea wageni kabisa. Kabla ya kulipia chumba cha bei rahisi, msafiri aulize kama wanapokea pasipoti ya kigeni, asije akajikuta na begi barabarani usiku.

Saa, tarehe na tiketi

India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Kosa linalowapata waliozoea saa za Kiswahili ni la usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa 00:30 tarehe 14 maana yake ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14. Mtu awe uwanjani tarehe 13 jioni. Akisubiri usiku wa tarehe 14, ndege ilishaondoka.

Tiketi za treni za masafa marefu hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na njia maarufu hujaa haraka. Kwa mgeni, madaraja yenye kiyoyozi ndiyo yenye nafuu. Kituo cha New Delhi kina ofisi ya tiketi za wageni ghorofa ya kwanza, ndani ya jengo la kituo. Anayejitokeza mlangoni akisema ofisi hiyo imehamishwa, imefungwa au imeungua, asifuatwe. Huo ni mchezo wa zamani wa kumpeleka mgeni kwa wakala wa bei za kuruka.

Ndani ya miji, bajaji zipo tele, na hata jina tunalotumia limetokana na kampuni ya India. Bei ipatanwe kabla ya kupanda, au itumike programu ya simu inayoonyesha nauli. Delhi ina metro nzuri, na behewa moja la kila treni ni la wanawake tu.

Pesa na simu

Rupia hubadilishwa baada ya kufika. Noti kubwa inayotumika ni ya 500. Wenyeji hulipa karibu kila kitu kwa simu, hadi chai ya barabarani, ila mfumo wao unategemea akaunti za benki za huko, na kadi ya nje hukataliwa kwenye maduka madogo. Fedha taslimu kidogo mfukoni inahitajika kila siku.

Kwenye hesabu, mzungumzaji wa Kiswahili ana faida. Wahindi huhesabu kwa laki, na laki yao ni 100,000 kama ya kwetu. Huiandika 1,00,000, kwa hiyo mkato usimchanganye mtu. Juu yake kuna crore, ambayo ni milioni 10.

Laini ya simu hununuliwa kwa pasipoti na picha. Umeme ni volti 230, hivyo chaja haiungui, lakini plagi ya pini tatu za bapa mara nyingi haiingii. Adapta ibebwe kutoka nyumbani.

Chakula na adabu

Chapati, sambusa, bhajia na pilau vitamkaribisha msafiri kama jamaa, isipokuwa pilipili yao ni nyingine. Migahawa mingi ni ya mboga tupu. Alama ya duara la kijani kwenye pakiti maana yake hakuna nyama ndani. Majimbo mengi yamezuia kuchinja ng'ombe, kwa hiyo nyama ya ng'ombe isiulizwe ovyo. Maji yawe ya chupa iliyofungwa, na matunda yawe ya kumenya.

Viatu huvuliwa hekaluni, msikitini na kwenye nyumba nyingi. Mkono wa kulia ndio wa kula na kupokea. Mabega na magoti yafunikwe sehemu za ibada.

Kabla ya kulipa chochote

Mambo matano yakaguliwe kwa mpangilio huu: cheti cha chanjo kipo, viza ni ya aina sahihi, mwezi unafaa kwa kona iliyochaguliwa, vitanda havizidi vitatu, na siku moja imeachwa wazi. Likikosekana moja, tiketi isubiri.

Orodha ya mwanzo haina haja ya kutupwa. Varanasi, Goa na nyinginezo zibaki kwenye simu kwa ajili ya safari ya pili. Aliyeiona Jaipur kwa siku tatu ana cha kusimulia kuliko aliyepita miji sita na kukumbuka foleni za uwanja wa ndege.