Waliomo chomboni ni wangapi?

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuvuke bahari pamoja. Hatwendi mbali. Kutoka gati la Malindi hapa Unguja mpaka Dar es Salaam ni kilomita 70 na kitu, na boti za mwendo kasi za siku hizi huumaliza mkondo huo kwa muda wa saa mbili hivi, chai ya mtu haijapoa sawasawa. Watu wamekuwa wakiuvuka kwa mamia ya miaka, kwa tanga, kwa moshi na kwa mafuta. Na katika muda wote huo pamekuwepo swali moja ambalo mwenye chombo hapendi kuulizwa, na abiria mwenyewe hakumbuki kuliuliza mpaka maji yameingia: waliomo ni wangapi?

Tuanzie zamani. Kabla ya meli za moshi, njia kuu ya kwenda Mrima ilikuwa ni Bagamoyo. Mashua na majahazi yalingoja upepo wao. Ukiwa bara unakuja Unguja, nahodha alipenda kung'oa nanga usiku, umande unapovuma kutoka nchi kavu, ili alfajiri imkute amekwisha toka nje. Chombo kilichukua watu ishirini, thelathini, pamoja na mbuzi wao na makanda yao. Hapakuwa na daftari. Hesabu ilikuwa machoni mwa nahodha, ambaye aghlabu alimjua kila abiria wake ni mtoto wa nani.

Lakini alikuwepo abiria wa namna moja aliyehesabiwa barabara, tena kwa kuandikwa. Huyo ni mtumwa. Balozi mdogo wa Kiingereza aliyekuwepo hapa, Rigby, ameandika kwamba mwaka 1859 watumwa wapatao 19,000 waliletwa Unguja kutoka bara, na wengi wao walitoka pande za Ziwa Nyasa. Tarakimu hiyo aliipataje? Ilitoka forodhani. Kila kichwa kilitozwa ushuru, na forodha ya Sultani ilikuwa imekodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao walikuwa na kila sababu ya kutoacha hata kichwa kimoja kipite bure. Muungwana aliyekuja katika jahazi hilo hilo, amekaa juu ya mzigo wake wa pembe, hakuandikwa popote. Nimelifikiria sana jambo hili. Baharini, toka mwanzo, kimehesabiwa kile kinachotozwa fedha, na hesabu ikatunzwa na yule anayezipokea.

Mwaka 1872 ulileta mambo mawili. Mwezi wa Aprili ilipiga dhoruba ambayo wazee wetu waliihadithia kwa miaka mingi. Ilivunja majahazi bandarini, ikaiteketeza merikebu ya vita ya Sultani, na kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Na mwaka huo huo meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kuja Unguja kwa ratiba, zikitokea Aden. Seyyid Barghash naye akanunua meli zake. Tangu hapo safari ikawa na tarehe, ikawa na tiketi, na tiketi ikawa na madaraja.

Hapo pana jambo la kuangaliwa. Abiria wa daraja la juu ana kitanda, kitanda kina namba, na namba lazima iandikiwe jina, vinginevyo watagombana wawili. Abiria wa deki hana kitanda. Ana mkeka wake na birika lake. Karani akiuliza waliopanda deki, hujibiwa kwa makisio. Desturi hiyo tuliirithi pamoja na meli, na tukaja kuilipia, kama nitakavyoeleza.

Meli za serikali zilizofuata, Cupid, Al Hathera, Al Said na Seyyid Khalifa, wazee wanazikumbuka kwa honi zake, na sitakaa nazo sana. Ila nitaitaja safari moja ya Seyyid Khalifa, ya Januari 1964, ilipomchukua Sultani Jamshid baada ya Mapinduzi. Ilikwenda Mombasa, ikakataliwa kumshusha, ikaja Dar es Salaam. Labda ndiyo safari pekee ya mkondo huu ambayo serikali zaidi ya moja zilitaka kujua, jina kwa jina, nani yumo.

Baada ya Muungano, kwa miaka mingi aliyevuka alitakiwa kuonyesha hati ya kusafiria. Kwa hivyo kuhesabiwa tulihesabiwa. Lakini aliyetuhesabu ni Uhamiaji, na alichotaka kujua ni nani anaingia nchini. Nani anaingia chomboni ilikuwa ni kazi ya mwingine, na huyo mwingine alikuwa na haraka ya kuondoka.

Mimi nilivuka mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwa Mapinduzi, meli ya serikali. Nakumbuka harufu ya dizeli iliyochanganyika na karafuu na ndizi zilizopondwa, na nakumbuka Mama alinifunga kwa pembe ya kanga kwenye mkono wake ili nisipotee. Tiketi ilikuwa moja, yake. Mimi sikuwa na tiketi, na nadhani wala sikuwa kwenye hesabu. Nilikuwa sehemu ya Mama, kama kikapu chake.

Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, watu binafsi walileta boti zao. Miaka ya 1990 gatini palikuwa na majina tele: Sea Express, Sepideh, Flying Horse iliyokuwa ikiondoka Unguja usiku na kufika Dar alfajiri, abiria wamelala juu ya magodoro. Ilikuwa ni neema, tusiwe na choyo katika kusema. Aliyekuwa akingoja meli siku tatu sasa alichagua. Pamoja na neema hiyo wakaja vishoka, wanaokufuata tangu unaposhuka kwenye daladala, tiketi mkononi.

Sasa niseme jambo langu. Mwaka 1997, siku mbili kabla ya Idi, nilikuwa Dar es Salaam na nilitaka kufika nyumbani. Tiketi zilikwisha. Kishoka mmoja akaniuzia ya kwake kwa bei ya kuruka. Juu yake paliandikwa jina la mtu mwingine. Nikamwambia, hili si jina langu. Akacheka: "Sheikh, boti inasoma jina?" Nikalipa, nikapanda. Sitaitaja boti, wala haina haja, maana kosa lilikuwa langu.

Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Mwanamke aliyekaa karibu yangu alikuwa na watoto watatu na tiketi moja. Nilimuuliza baharia tumo wangapi. Akanijibu: "Yakhe, kaa ulipopata, tuombe dua." Kaskazi ilikuwa inavuma, boti ikawa inapiga kichwa, watu wakaanza kutapika. Ndipo liliponijia wazo: tukizama hapa, bwana mmoja aliye hai, yuko kwao anakula futari, ataliliwa. Na mimi Mama atanitafuta hospitali na vituo vya polisi, na kila atakapokwenda ataambiwa, huyu hakupanda.

Tena nilijua. Hiki ndicho kinachonisuta. Mwezi wa Mei mwaka wa nyuma yake, tarehe 21, meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Kwenye orodha yake palikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ile desturi ya deki, wasikilizaji, ndiyo hiyo. Na miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe, kinachounganisha kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini, kilipinduka mita 40 tu kutoka ufukweni. Kilikuwa cha watu 300, kikachukua kiasi cha 400, wakafa 272. Yote hayo niliyasikia redioni, na mengine niliyasoma mwenyewe kwa sauti hii hii. Nikapanda.

Abiria wa ziada hakai chini tumboni mwa meli, huko kumejaa saruji na unga. Hukaa juu, kwenye upepo. Na chombo kilichobeba uzito juu, kikilala upande mmoja, kinachelewa kuinuka. Watu wakitishika wakakimbilia upande ule ule, hakiinuki tena. Kwa hivyo hesabu ya watu ina faida kabla ya ajali kama ilivyo na faida baada yake.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander, meli iliyojengwa Ugiriki mwaka 1967, ilizama karibu na Nungwi. Ilitoka Dar es Salaam, ikapitia Unguja, ikawa inakwenda Pemba. Idhini yake ilikuwa ni abiria kiasi cha 600. Siku chache baadaye tulikuwa tumehesabu zaidi ya 600 waliookolewa, wengine wameshikilia magodoro, na maiti 203. Jumlisha mwenyewe: tayari ni watu 800 na zaidi, na hapo wale ambao hawakuonekana bado hawajaguswa. Tume ilipotoa taarifa yake Januari 2012, waliokuwemo wakawa zaidi ya 2,400, na waliopotea zaidi ya elfu moja. Hesabu hiyo ilitokana na jamaa walioleta majina ya watu wao. Daftari la meli lisingeweza kuitoa.

Kuna watu husema, amekufa amekufa, orodha itamrudisha? Hao hawajakaa na familia ya aliyepotea. Maiti ikipatikana, mjane hukaa eda, mirathi hugawiwa, watoto hujua pa kusomea fatiha. Asipopatikana, kwa sheria yetu huyo ni mtu aliyepotea. Mpaka kadhi aamue kwamba amekufa, mkewe bado ni mke wa mtu, na nyumba yake haigawiwi wala haiuzwi. Na kadhi ana haki ya kuuliza: mnajuaje kwamba alipanda? Utamwonyesha nini? Utamwonyesha jirani aliyemuona akitoka na begi.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikaja zamu ya Skagit, boti iliyojengwa Marekani mwaka 1989, ikazama karibu na Chumbe katika upepo mkali, Ramadhani ikiwa mlangoni. Safari hii idadi ilitangazwa mapema: watu wazima 250, watoto 31, mabaharia 9. Watoto walihesabiwa! Nakiri kwamba hesabu haikuizuia boti isizame, na walikufa wengi. 

Nilidhani basi tumejifunza. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko kule Bugolora, kivuko cha Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilikuwa cha watu 101. Waliokufa walizidi 220. Idadi ya waliopanda haikuweza kujulikana, kwa sababu mkata tiketi naye alikufa, na mashine yake ya kuhifadhi hesabu ilipotea majini pamoja naye. Yaani ilikuwepo hesabu, lakini ilikuwa imepanda kivuko hicho hicho. Haikuachwa nakala nchi kavu.

Siku hizi kwenye boti kubwa za Dar na Unguja utaulizwa kitambulisho, na jina lako litachapishwa kwenye tiketi. Ni maendeleo makubwa, na anayenung'unika kwa sababu ya foleni simwonei huruma. Bado lakini wapo wanaovuka kwa mashua za Mkokotoni na Pangani, wanaoondoka kwa umande kama babu zao, na hesabu yao iko machoni mwa nahodha. Na kwenye gati bado nawaona kina mama wenye tiketi moja na watoto wamefungwa kwa pembe ya kanga.

Wiki ile ya Spice Islander nilikuwa nimekaa na Mama barazani, redio iko wazi inasoma majina. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamhadithia safari yangu ya 1997, tiketi ya kishoka na jina la mtu mwingine. Nilitazamia atanigombeza. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na yule mwenye jina, alikuwa nani?"

Nilikuwa nimekwisha lisahau.